Makaa ya Maganda

Walikale, shambani, Jumapili

Mdogo wangu Bauma,

Pokea salamu. Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haina Jumapili na viatu vyangu vimeota ukungu. Kikohozi cha Mama kimetulia? Papa je, ameanza kula? Barua yako imezunguka na madereva muda mrefu, na nilipoisoma nilitamani ingepotea njiani.

Umekata mti wa avoka! Bauma, kweli? Mti alioupanda Papa alipojenga nyumba, anaouegemea kila siku akisuka vikapu vyake, umeuangusha, ukauchoma makaa, ukayazika chini ya miche ya kahawa. Halafu unajisifu kwamba miche imeshika vizuri. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Si nilikuandikia uchome maganda?

Nikaenda kulalamika kwa Papa Zakaria, mzee anayetunza miche hapa. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Tunachimba shimo, tunajaza maganda ya kahawa na magunzi ya mahindi, tunachoma mpaka yawe meusi, na kabla hayajawa majivu tunamwaga maji. Tukishayachanganya na samadi tunayatia kwenye mashimo ya kupandia, na hata udongo uliochoka unazaa tena. "Hii haiko makaa ya kupikia," husema. "Iko chakula ya budongo." Safari hii aliniuliza swali moja tu.

"Mu barua uliandika nini?"

Nikakumbuka. Niliandika: choma makaa, uyazike chini ya miche. Maganda yalibaki kichwani mwangu. Hapa shambani ukisema makaa, kila mtu anakimbilia maganda. Huko Bihambwe makaa ni mti, na mkubwa uliokuwa karibu ni ule. Niko huku tangu kabla ya uhuru, nimesahau hata neno la nyumbani kwetu, na hilo linaniuma sana.

Unasema Papa amekufukuza, unalala kwa shangazi, na neno lake ni moja: "Ule wa Walikale akuye arudishe muti yangu," yaani mimi nije. Basi nenda umsomee maneno haya, na usiruke hata mstari.

Papa, Bauma hakukosa. Alinitii mimi kaka yake. Mrudishe nyumbani. Nina mche wa avoka niliokuwa nimeuotesha kwenye makaa ya maganda, umenifika magotini, nitauleta mwenyewe barabara iliyokatwa na mvua ikifunguliwa. Lakini najua, Papa, mpaka ukue miaka itakuwa imepita, kivuli chake hutakikalia wewe. Nitakikalia mimi, na sikitaki.

Nisalimie Mama, mwambie asichote maji kwenye baridi. Nisalimie shangazi aliyekupa mkeka, na mjomba wetu wa Lushebere ukimwona sokoni.

Ni mimi kaka yako, niliyekata mti wa Papa,

Safari