Mlango wa Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Machi 1934
Vibanda vyetu vya nyasi kule mtoni vimechomwa leo. Bwana Meneja anasema vilijaa viroboto. Kweli — tulikuwa tunajuana nao kwa majina! Sasa tuko laini mpya, safu za nyumba za wachuma chai. Mawe, mabati, milango inatazamana kama askari wa gwaride. Karani Amolo amegawa nyumba kwa kufuata herufi za majina. Ajabu ya elimu! Mokeira, mama mkwe wangu, mjane, mchuma chai, kapewa nambari 13. Mimi Nyaberi, 14. Mlango kwa mlango, hatua sita!

Jumanne, 6 Machi
Mimi nimebatizwa, mambo ya mizimu nimeacha. Lakini mama mkwe si mzimu! Sisi Wakisii hatumpi mkono, hatumtazami usoni. Asubuhi nafungua mlango — yuko pale anafunga leso! Nikarudi ndani mbio, nikatokea dirishani. Suruali imechanika. Mke wangu Jerusa amecheka mpaka machozi. Mimi sijacheka.

Alhamisi, 8 Machi
Nimemwomba Karani atubadilishe. Wapi! Kitabu kimeshaandikwa, na wino ni wino. Yeye Mjaluo, mwiko huu kwao pia upo — lakini mama mkwe wake yuko mbali, Kisumu. Kesho ni ukaguzi. Kila mtu asimame mlangoni pake. Asiyekuwepo, nyumba imeenda, kazi pia. Na Jerusa ana mimba ya miezi minane! Naogopa, sitajidanganya.
Jirani yangu Ongeri amekuja na shauri: laini nzima tugeuke, tutazame ukuta. Mzungu atadhani ndiyo adabu ya nyumba za mawe. Wote wamekubali. Hata Wajaluo!

Ijumaa, 9 Machi — saa tisa na nusu
Meneja alifika saa nne. Akakuta migongo arobaini. Akawa mwekundu. Mgomo! Kiongozi ni nani? Tukazidi kutazama ukuta. Halafu nyuma yangu, sauti ya mama mkwe: si mgomo, Bwana, huyo ni mkwe wangu, ananiheshimu tu.
Karani akatafsiri. Meneja akatabasamu — heri angebaki na hasira! Mgongo si heshima, kumbe mmegombana, akasema. Basi saa kumi atarudi. Tushikane mikono mbele ya watu wote, ama nyumba zote mbili zifungwe.
Jerusa ananisihi nitoe mkono. Ongeri anasema nivae glavu — glavu gani, Kericho hii! Nimekaa kitandani, mkono wa kulia nimeukalia, naandika kwa wa kushoto.
Ng'ambo namsikia mama mkwe. Anaazima sabuni kwa jirani. Sasa anamimina maji kwenye karai. Ananawa mikono.