Mlinzi wa Getini na Koti la Mama

12 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya yangu ni ya mtu wa zege: mgongo unalalamika, mimi naendelea. Wewe na mama yako hamjambo?

Baada ya salamu, nikuulize: una akili kweli? Hapa bwenini kwetu wajenzi tunacheza ile gemu ya shoka mliyoitengeneza ofisini kwenu, kwenye simu ya fundi nondo. Mwezi mzima nimepasua vichwa mpaka kidole gumba kimeota sugu, huku najivuna kwamba michoro ni ya binti yangu. Jumapili tukafika kwa malkia wa vita. Katokea na vitambaa viwili, kimoja juu, kimoja chini, upepo ukivuma tumekwisha. Wenzangu wakapiga mluzi. Mimi nikaona mwanya wa meno. Nikaona kovu la moto shavuni. Yule ni mama yako!

Fundi nondo akasema, "Mzee, huyu mke wa nani jamani?" Nikamrushia sufuria.

Damu sijali, ni rangi tu. Lakini uchi wa mama yako? Acha kazi hiyo. Usipoacha, usiniite baba.

Baba yako, kwa sasa

27 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama anakusalimu, hajui lolote.

Niliambiwa nichore mwanamke asiyemwogopa mtu. Nimchore nani mwingine? Nilimvisha koti la ngozi mpaka magotini. Wakubwa wakalikata bila kuniambia, nikaja kuona gemu imeshatoka. Niligomba. Wakanijibu, "Wachezaji ndivyo wanavyopenda."

Sasa nikuulize na mimi. Yule mlinzi wa getini, mzee anayeuawa wa kwanza, umemuua mara ngapi? Niliambiwa nichore mtu aliyechoka. Ni wewe, Baba. Mabega ni yako, na lile sikio lililomeguka ni lako. Kovu la Mama umeliona mara moja. Uso wako umeupiga shoka mwezi mzima na hukujitambua. Nguo ikipungua unaona, mtu akipungua huoni.

Mwanao, utake usitake

9 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninazo.

Tulianza gemu upya. Yule mlinzi akainua kichwa. Sikio ni lile. Akasema, "Karibu, pita salama." Kumbe anakaribisha watu! Sikuwahi kumsikia, nilikuwa namkata kabla hajamaliza. Safari hii kidole kikagoma. Wenzangu wakapiga kelele, "Muue tupite, Mzee!" Nikawaambia hapiti mtu. "Kwa hiyo tulale getini?" Nikasema laleni. Tumeachana kwa matusi, na fundi nondo hasemi nami.

Usidhani umenishinda. Kwamba damu si rangi tu, hiyo nakupa. Nguo ya mama yako sikupi. Mimi nikiuawa pale, nimekufa, basi. Yeye anasimamishwa mbele ya mabweni yote ya dunia, apigiwe mluzi. Nenda kwa hao wakubwa zako. Koti lirudi. Waambie mwenye mke amesema.

Baba yako

30 Aprili

Baba, shikamoo.

Pole na mgongo. Mama mzima, ila hasemi nami. Nilimwonyesha gemu. Akatazama mpaka mwisho, akauliza, "Nani kakupa ruhusa ya uso wangu?"

Nikaenda kwa wakubwa. Nikasema koti lirudi, na mzee wa getini aachwe amalize salamu yake. Kuhusu koti walicheka. Kuhusu mzee hawakunielewa kabisa, wakaniuliza, "Sasa mchezaji atafanya nini pale?" Nikasema basi zifuteni sura zote mbili, ni za wazazi wangu. Mkubwa akasema sura ni mali ya ofisi. Nikamwita jina ambalo hukunifundisha. Wakanifukuza kazi, wakanifungulia mlango.

Nimetoka, Baba. Nyinyi wawili mmebaki humo.

Mwanao