Malori Arobaini na Moja

Makambako, Jumatatu tarehe 22

Shemeji Abel,

Tarehe tatu mwezi huu, mahakama iliponitangaza mufilisi, nilipoteza mashine ya kupasulia mbao, lori, na haki ya kubishana na mtu wa kodi. Ila kwanza salamu: kamwene. Baridi ya Njombe mnaionaje? Mgongo wa dada Lidia unaendeleaje? Sisi tuko salama, tunakula viazi.

Makadirio ya kodi yalinifikia mwisho wa mwezi uliopita: eti mwaka jana niliuza malori arobaini na moja ya mbao. Niliuza kumi na manne, na risiti zote ninazo kwenye kopo la biskuti. Ijumaa iliyopita nikavaa koti, nikaenda kuweka pingamizi. Dada wa dirishani alitazama kompyuta, akasema baba, wewe huwezi kupinga, mwenye haki hiyo sasa ni msimamizi wa mali zako. Yaani wewe, Abel. Nilidhani umekabidhiwa lori tu, kumbe umekabidhiwa hadi mdomo wangu.

Najua kufilisika niliomba mwenyewe, nikidhani madeni yote yataishia getini. Ulinionya. Nikakujibu kwamba wakili asiyejua bei ya ubao asinifundishe biashara. Neno hilo nalifuta.

Sasa Lidia ananiambia hutasaini pingamizi mpaka ujue arobaini na moja ilitoka wapi. Haya. Ilitoka kanisani. Unakumbuka mnada wa mavuno, yule jogoo wa mama Prisila? Ulitaja laki mbili, ukasema muuza mbao hapo hafiki. Nikasimama mbele ya usharika mzima, nikatangaza kwamba mtu anayeshusha malori arobaini na moja kwa mwaka hashindwi na wakili, nikataja laki tatu. Vigelegele vikapigwa. Benchi la nyuma alikaa mgeni mmoja mpole, anaandika. Nilidhani anaandika mahubiri.

Na jambo jingine. Jogoo sikumtaja kwenye orodha ya mali. Yuko Kifanya kwa mama, amenenepa. Kisheria sasa yuko mikononi mwako, kwa hiyo mnada ule umeushinda wewe, tena bila kutoa hata shilingi.

Wasalimie watoto, na mwambie Lidia nampelekea viazi.

Siku thelathini za kupinga zinaisha Ijumaa. Sitaki maelezo ya kiwakili. Unasaini au husaini? Nijibu kabla ya Alhamisi saa sita mchana.

Shemeji yako,
Yoeli
(malori kumi na manne)