Ujumbe Ulioachwa Makindu

Kaka yangu Musyoka,

Hukuuliza, lakini mwaitu, mama yetu, bado yuko hai.

Nakuandikia kutoka Kathonzweni, kwenye nyumba aliyotulelea. Unakumbuka ulipougua surua? Mto ulikuwa umekauka, na mama akakubeba mgongoni mpaka zahanati ingawa ulikuwa mkubwa wa kutosha kuchunga mbuzi. Mimi nilikuwa nyuma na kibuyu. Kila ulipolia kiu alikuweka chini ya mgunga, akachimba mchanga wa mto kwa mikono mpaka maji yakatoka. Ulimwambia, "Nikiwa mkubwa, mwaitu, hutachimba tena." Aliwasimulia wanawake wote wa kanisani maneno hayo. Mimi niliyebeba kibuyu sikutajwa, na sikuona ubaya, kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa mgonjwa.

Sasa akili yake imeondoka pole pole. Asubuhi namwogesha yeye, kisha mwanangu Kioko, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Wote wawili nawalisha uji, wote wawili nawabadilisha nguo. Tofauti ni kwamba Kioko anajifunza, na mama anasahau. Nikigeuka kidogo ameshika njia ya sokoni bila viatu. Mume wangu, Baba Ndanu, yuko kazini Voi, huja mwisho wa mwezi, akinikuta nimechoka hata kumsalimu vizuri.

Daktari aliposema Kioko lazima apasuliwe ngiri, nilikupigia simu mapema. Nilikuomba ukae na mama wiki hiyo moja tu, ili binti yangu Ndanu afanye mitihani yake. Ulinijibu vizuri sana. Ulisema, "Mlete, hata mimi ni mtoto wake." Niliweka simu nikalia kwa furaha, kama mjinga.

Tulikuja Makindu na gari la jirani, Kioko mgongoni, mama amevaa ile nguo yake ya Jumapili. Njiani alijikojolea. Nilikuwa na nguo nyingine kwenye mfuko. Nilihitaji tu chumba cha kumbadilishia. Lakini sebuleni mlikuwa na wakwe zako, na mke wako akatuzungusha nyuma ya nyumba. Ukatoka na kiti cha plastiki, ukakiweka karibu na tangi la maji. Ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba ningepiga simu kwanza. Nilikukumbusha kuwa wewe ndiwe uliyesema nimlete.

"Sikumaanisha leo," ukasema.

Mama alikuwa akikutazama muda huo wote. Nilidhani atakukumbatia. Badala yake alikushika mkono kwa adabu, jinsi anavyowashukuru watu asiowajua, akasema, "Asante kwa kiti, baba. Nina mwanangu hapa Makindu, anaitwa Musyoka. Ukimwona, mwambie nilipita."

Ulisema, "Sawa, mama." Hukumwambia ni wewe. Nilingoja umwambie, kaka. Nilingoja mpaka ukaingia ndani.

Nilimbadilisha nguo pale pale nyuma ya tangi, nimemkinga kwa leso, tukarudi.

Kwa hiyo Ndanu hakufanya mitihani. Nililala hospitalini na Kioko, na yeye akabaki na bibi yake. Siku tuliyoruhusiwa nilifika nyumbani mchana, nikawakuta wamelala barazani, Ndanu amejifunga leso kiunoni na kumfunga bibi kwa ncha ya pili, ili akiinuka amwamshe. Mkononi alikuwa na alama za meno. Nilipomuuliza, alisema bibi hakujua ni yeye. Kisha akaniuliza kama mjomba atakuja Jumamosi ili aende kwa mwalimu akaombe kurudia hesabu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu bado alikuwa na imani nawe. Nilimwambia huji. Alifungua fundo, akaenda kuwasha moto.

Kioko amepona. Mwalimu amekataa. Sina hasira ya kukupigia kelele. Ingekuwepo ningekupigia simu. Nilichobaki nacho ni kigumu zaidi, na nimekizoea.

Sitamleta tena. Na siku ya kumzika, wewe kifungua mimba, utapewa kipaza sauti kabla ya sisi wote. Sema kwa ufupi. Watu watakuwa wametoka mbali, na mimi nitakuwa na watoto wa kulisha.

Baki salama na wageni wako.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.