Simu Ulizopiga Nikipanda Ngomeni Lisbon

Mama yangu mpenzi,

Watu wananipa pole kwa kukosa maziko yako, nami naitikia. Sijawaambia kwamba ulinipigia mara tatu nikaiangalia simu ikiita. Leo nakuambia wewe, na atakayesoma asome.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda shamba kule Mtunda, bondeni kwetu kusikoisha mafuriko? Wewe mbele na jembe begani, mimi nyuma nalalamika. "Kwani miguu umeazima?" ulikuwa ukisema, wala hugeuki. Baadaye sukari ikakuvimbisha miguu yako wewe, ukawa mtu wa kukaa barazani. Nilipopata kozi ya miezi mitatu Lisbon ukaniambia, "Kwa Wareno? Haya, nenda ukanitazamie."

Kila Jumamosi nilipanda vichochoro vyao vya mawe nimeinua simu, nawe huko, kwenye simu ya mama mdogo, unashangaa. "Hee! Nyumba zimepandana hivyo! Mafuriko yakija wanakimbilia wapi?" Nikasema wako juu, maji hayawafikii. "Basi hao wamekwisha kukimbia," ukajibu, tukacheka mpaka mama mdogo akalalamika bando lake linaisha.

Jumamosi ya mwisho nilikuwa na wenzangu wa kozi, tunapanda kwenye ngome ya kale. Simu ikaita. Nilikuwa nahema, jasho linanitiririka, wenzangu wameshaniacha. Nikasema moyoni, nikifika juu nitampigia nimwonyeshe mji wote. Ikaita tena. Na tena. Niliona jina la mama mdogo, nikajua ni wewe. Tena nikakasirika! Nikasema, huyu naye, hawezi kusubiri?

Juu nikapiga picha kwanza. Nilipokupigia akapokea mama mdogo, nyuma yake nasikia Yasini inasomwa. "Mama yako ametangulia," akasema. "Alikuwa anawaita wanawe mmoja mmoja apeane nao radhi. Ulibaki wewe tu."

Alasiri ile ile wakakuzika. Kwetu maiti halazwi kungoja ndege, na sikuthubutu kuwaomba. Nilikaa juu ya ukuta wa ngome, watalii wawili wakanipa simu yao niwapige picha. Nikawapiga.

Sasa nimerudi nyumbani. Kaka zangu kila mmoja ana neno lako la mwisho, na kwa neno hilo wanapata usingizi. Mimi nimemsumbua mama mdogo wiki nzima: alisema nini simu ilipokosa kupokewa? Alikuwa akizungusha maneno, mara chai, mara kuku hawajafungiwa. Juzi nikambana, akalia.

"Alisema, 'Mwacheni atembee.' Kisha akageukia ukutani."

Mama, ulisema kwa huruma au ulikuwa umenikatia tamaa? Mama mdogo hajui. Anasema sauti ilikuwa ndogo sana. Usiku najaribu kulitamka neno hilo kama ulivyolitamka wewe, mara linatoka hivi, mara vile, na najiona mjinga.

Mimi nakuomba radhi hapa, kwa kalamu, nikijua haisikiki huko uliko. Kama ulinipa, sitajua mpaka tuonane. Kama hukunipa, pia.

Ni mimi, kitindamimba wako.