Chupa za Tumbaku Ndani ya Oveni

Nyumbani, ghorofa ya pili juu ya kinyozi
Jumapili alasiri

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi wazima, ila Mama goti linamsumbua kwenye ngazi, naye husema lilianza siku alipoolewa.

Ulipoondoka, Baba alikuwa bado anavuta kiko. Basi ameacha. Daktari alimsikiliza kifua, akamwambia achague kiko au wajukuu. Baba akauliza, "Na kuendelea kuhifadhi tumbaku je, dokta?" Daktari akacheka, na Baba akakichukua kicheko kile kuwa ruhusa.

Unamjua Baba, fundi saa wa zamani: macho hustaafu, vidole havistaafu. Hadi leo huibinya tumbaku kwa vidole kupima unyevu, huishindilia ndani ya chupa za kioo zenye mpira kwenye kifuniko, akazifunga na kuzipanga gizani. Kuzifungua kabla ya wakati ni mwiko. Anasema tumbaku ni kama mtu, ukimwacha miaka kadhaa hasira zinamwisha. Mama akamjibu, "Mimi nimekuacha miaka thelathini na hujatulia."

Sasa jambo lenyewe. Yule mwalimu niliyekuandikia habari zake aliamua kuwaleta wazazi wake waje kuniposa. Akanionya kwamba kwao tumbaku haitajwi, mama yake ameipiga marufuku. Baba yake alikuwa mkaguzi wa shule, mtu ambaye hata kwenye picha za harusi yake amenuna.

Mama akaapa wageni hawataona chupa hata moja. Lakini kabati la sebuleni limeshiba hadi halifungiki, na uvunguni hapaingii hata kandambili. Basi Baba aliposhuka kunyolewa, tukazihamishia zile za sebuleni ndani ya oveni. Tukasahau kumwambia Mama mdogo, aliyekuja kutusaidia kupika.

Wageni wameketi, maneno yanakwenda kwa heshima, naye Mama mdogo kwa moyo wake mwema akawasha oveni apashe mikate.

Kwanza ilikuja harufu ya mpira unaoungua. Kisha mlio, pa, na mwingine, pa. Halafu tumbaku iliyolala miaka sita ikaamka na kuingia sebuleni. Mama akatazama sakafu. Mama wa mwalimu akaziba pua kwa leso. Baba alikuwa ameshakimbilia jikoni, nami nikaona ndoa yangu inafuka moshi.

Mkaguzi akainuka. Nilidhani anaaga. Kumbe anaifuata pua yake hadi jikoni, alikomkuta Baba amepiga magoti mbele ya oveni kama mfiwa. Nikamfuata.

"Imekaa miaka mingapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sita," akasema Baba.

"Uliifunga ikiwa na unyevu kiasi gani?"

"Kiasi cha kubinyika bila kushikamana."

Mkaguzi akashusha pumzi. "Mimi niliinyunyizia maji. Yote imeota ukungu kule darini."

"Darini?" ikauliza sauti nyuma yetu. Alikuwa mkewe.

Kisha Baba, ambaye hajui kusoma hali ya hewa, akafungua chupa pekee iliyosalimika na kumsogezea mgeni. Wazee wawili waliokatazwa kuvuta wakainusa kwa zamu, macho wamefumba. Mkaguzi akacheka, Kaka. Mwalimu alikuja mbio kuangalia nani huyo anayecheka.

Mke wa mkaguzi akamgeukia Mama, aliyekuwa ameshafika mlangoni. "Wako naye kaacha?"

"Kaacha kuvuta tu."

Wakashikana mikono, na tangu hapo ni mashoga wasioachana.

Harusi ni Desemba, usikose. Siku hizi mkaguzi huja kila Jumamosi, wanajifungia stoo na Baba kubana vifuniko. Mimi na mwalimu tunanong'ona jikoni, maana wanasema tunawapigia kelele. Jirani wa chini aliniuliza, kwa nia njema kabisa, ni akina nani hasa waliochumbiana.

Baba anaomba umletee mipira ya vifuniko. Mama anaomba usiilete.

Msalimie wifi na uwabusu watoto. Mama mdogo anakusalimu, na kinyozi pia. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akufikishe kwetu ukiwa na afya na hamu ya kula.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba