Ghorofa ya Tano kwa Miguu Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza leo. Sijamwambia mtu.

Karakana yetu ya sare za shule iko chini. Juu yake kuna ghorofa tatu za ofisi. Nimefika kabla ya wenzangu, nikaweka mkoba chini ya cherehani, nikaziendea ngazi. Lengo: ghorofa ya kwanza tu. Vidato ishirini. Kufika cha kumi na mbili moyo unanienda mbio, magoti yanawaka moto. Nikashuka nimeshika ukuta kama mlevi.

Miaka thelathini ya kushona. Mwili umeoa kiti.

Binti yangu anakaa ghorofa ya tano, na jengo lao halina lifti. Mwaka mzima sijakanyaga kwake. Kila akinialika nina mafua, nina mgeni, nina kazi. Basi ananishushia mjukuu, namshika kwenye benchi la mlinzi. Ana miezi mitano sasa, na sijui analala wapi!

Jana, huku akimvalisha mtoto soksi, akaniambia taratibu kwamba mumewe anaamini simpendi, ndiyo maana sipandi. Mkwe wangu, kijana wa watu, fundi bomba asiye na neno na mtu! Nikashindwa kusema ni magoti. Aibu tu. Nikasema nimechelewa, nikaondoka.

Alhamisi, 6 Machi
Kumi na vinne. Miguu inauma mpaka kwenye kucha. Nimeshona kola siku nzima, kila nikiinuka naugulia kimoyomoyo.

Jumanne, 18 Machi
GHOROFA YA KWANZA! Bila kusimama! Nimetafuta mtu wa kumwambia, hakuna. Nikaiambia ndoo ya mfagizi.

Jumatano, 2 Aprili
Nimefumwa. Mpiga pasi wetu, tunayemwita Mama Mvuke, amenikuta ngazini nahema. Akataka kujua ni bwana gani wa ofisi za juu ananitoa jasho asubuhi yote hii. Ikabidi niseme ukweli. Amecheka mpaka akajifuta machozi na kitambaa cha pasi. Halafu akasema nakanyaga vibaya: nisipande kwa ncha za vidole, niweke wayo mzima, nitoe pumzi kila kidato. Marehemu mama yake alifundishwa hivyo hospitali.

Ameapa kutunza siri. Huyu, siri kwake ni kama jina lake — inatafuta pa kutokea.

Jumatatu, 21 Aprili
Ghorofa ya pili, mara mbili! Mama Mvuke anahesabu kwa sauti kama kondakta. Na leo nimepunguza sketi yangu mwenyewe, inchi mbili kiunoni. Miaka yote nazipunguza za watoto wa watu.

Ijumaa, 9 Mei
Goti limevimba. Siku ya tatu sijaenda kazini. Keshokutwa nilialikwa — nimesema tena nina mafua. Binti yangu alijibu "sawa, mama" tu. Hiyo "sawa" imeniuma kuliko goti.

Jumatatu, 19 Mei
Nimerudi. Nilidhani naanza upya — kumbe sivyo! Mpaka ya pili bila kushika ukuta. Mwili haujasahau.

Jumatano, 4 Juni
Ya tatu, nikashuka, nikapanda tena mpaka ya pili. Tatu na mbili ni tano! Mama Mvuke amenikumbatia, akanichafua shati kwa wanga wa kupigia pasi. Jumamosi naenda. Bila taarifa.

Jumamosi, 7 Juni
Naandika nikiwa chooni kwa binti yangu. Nimefunga mlango. Lazima niandike.

Mlinzi alinifutia benchi kama kawaida. Nikampita. Ya kwanza, ya pili — wayo mzima, pumzi. Ya tatu nikasimama kidogo. Ya nne goti likaanza maneno yake, nikaliambia linyamaze. Ya tano! Mlango wazi, maboksi kila mahali, na mkwe wangu anakuja na godoro mabegani.

Akaliweka chini. Akachungulia nyuma yangu, kama anamtafuta aliyenibeba.

"Mama, umepanda na nani?"

"Na miguu yangu."

Akakaa juu ya godoro. Kumbe wanahama! Nilipougua goti mwezi uliopita, binti yangu alipita karakanani kuniulizia, na Mama Mvuke akasema. Ya magoti tu; ya mazoezi akayameza. Nao hawakuniambia kitu, wakatafuta nyumba ya chini, ng'ambo ya soko. Funguo wanazo tayari.

"Tulisema, kama mama hawezi kupanda, sisi tutashuka," mkwe wangu akasema, anatazama sakafu.

Na mimi nilifikiri ananinunia.

Binti yangu akatoka jikoni, mtoto kiunoni. Alinipa mtoto, akanishika mkono, akanionyesha kitanda kidogo cha mtoto, kando ya dirisha. Upepo unaingia pale, na mapaa ya mji mzima yako chini yetu. Nimeuliza kama ile nyumba ya chini ina dirisha kama hili. Wakatazamana. Lipo, wakasema, ila linatazama ukuta.

Mkwe wangu kasimama mlangoni na lile godoro: anauliza alishushe au alirudishe. Wananisubiri mimi! Nikasema kwanza ninawe uso.

Sasa gari la mizigo linapiga honi huko chini. Binti yangu anagonga, anauliza kama niko salama. Niko salama sana. Namsikia mumewe akisema atashuka akamwambie dereva asubiri —

Hapana. Nashuka mimi, nimwambie aende zake. Halafu napanda tena.